Udongo wa ndoo zako za sukuma wiki

Bombo, Uganda

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Umeandika kwamba sukuma wiki zimegeuka njano wiki mbili tu baada ya kuhamishwa, na ndoo ukiinyanyua ni nzito kama jiwe. Hapo mna makosa mawili: mboji mbichi, na maji yanayotuama.

Nianze na mboji. Ikiwa haijaiva, vijidudu bado vinayala maganda, na ili viendelee vinahitaji nitrojeni, kirutubisho kinachokuza majani. Vinainyakua kabla ya mizizi, ndiyo maana majani ya chini hutangulia kupauka. Maganda ya kahawa ya kutoka mashineni hudanganya kuliko kitu chochote. Yana rangi ya kahawia iliyokolea tangu siku ya kwanza, basi mtu huyaona akadhani ni mboji tayari. Yape miezi kadhaa kwenye rundo, pamoja na samadi na majani mabichi, uyageuze na kuyanyunyizia maji kila yakikauka. Ukiligeuza rundo likapata moto tena, bado.

Kabla ya kuchanganya, jaza mboji yenye unyevu kwenye mfuko wa plastiki, ufunge kabisa, uweke kivulini siku 3. Ukifungua ukasikia harufu ya ardhi iliyonyeshewa, imeiva. Ikinuka uvundo, au harufu kali kama ya mavi ya kuku ikakuchoma puani, irudishe kwenye rundo. Kisha panda maharage 5 kwenye kopo lenye mboji na udongo nusu kwa nusu. Majani yakijikunja kama kikombe, shuku kwamba nyasi au samadi ilitoka palipopuliziwa dawa ya magugu. Mboji hiyo usiitie kwenye mboga kabisa.

Vipimo nivipendavyo ni hivi, kwa ndoo moja ileile: udongo wa juu ndoo 2, mboji iliyoiva ndoo 1, makapi ya mpunga yaliyochomwa ndoo 1. Makapi yachomwe yawe meusi, uyazime kwa maji kabla hayajawa jivu jeupe. Ukiyakosa, tia mchanga wa ziwani wenye chembe kubwa ndoo 1, ingawa kwa baraza la ghorofani uzito wake utakuchosha. Usijaze mboji tupu: huporomoka, na ikiwa ina mavi mengi ya kuku, chumvi yake huunguza kingo za majani.

Udongo chota sentimita 15 za juu, chini ya nyasi, wala si ule mwekundu wa barabarani. Epuka palipolimwa nyanya, viazi, biringanya au pilipili, kwa kuwa mnyauko wa bakteria hubaki ardhini muda mrefu. Chekecha mboji kwa wavu wa tundu la sentimita 1. Usiifanye unga, maana vipande vidogo ndivyo vinavyoacha nafasi ya hewa.

Changanya juu ya turubai. Minya konzi moja: donge lishikamane, ukiligusa kwa kidole livunjike. Maji yakichuruzika, anika kidogo. Likikataa kushikamana, nyunyizia. Funika wiki moja kabla ya kupanda.

Sasa ndoo. Toboa matundu 6 chini, yenye upana wa kidole kidogo, ufunike kwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Kokoto za chini ziondoe, hata kama kila mtu anakushauri uziweke. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini hadi kwenye kokoto. Husimama juu yake mpaka udongo ulowe kabisa. Kwa hiyo kokoto hazisaidii kutoa maji, zinapandisha tope karibu na mizizi. Jaza hadi sentimita 3 chini ya ukingo, usishindilie, mwagilia maji yaushushe udongo wenyewe.

Udongo ulio nao sasa usiutupe. Mimina ndoo zote kwenye turubai, ongeza makapi yaliyochomwa kiasi cha robo ya udongo huo, ulowanishe, ufunike wiki 4 ukiugeuza kila wiki. Ukianza sasa, utakuwa tayari kabla mvua za Machi hazijakolea. Rudia jaribio la mfuko kwanza, halafu nipigie uniambie unanukaje.

Mimi rafiki yako