Kabla hujachomeka jeketi la umeme kwenye pikipiki

Mteja akiingia karakana kwetu na jeketi la kupasha joto mkononi, swali lake huwa moja: "Nichomeke wapi?" Sisi tunamwomba kwanza awashe pikipiki. Pa kuchomeka patapatikana tu. Tunachotaka kujua ni umeme kiasi gani unaobaki baada ya pikipiki kujitosheleza yenyewe.

Jeketi la volti 12 hula kati ya wati 75 na 100. Glavu zinaongeza kama 25 au 30, suruali 40 hivi. Ukivaa vyote umeshavuka wati 140. Umeme huo unatoka kwenye koili ya kuchaji iliyo ndani ya injini, na koili ina kikomo chake. Pikipiki nyingi ndogo za cc 125 au 150 hazifiki hata wati 200 kwa jumla, na zile kubwa za safari ndefu hutoa 400, 500 au zaidi. Humo humo toa taa ya mbele, ambayo ikiwa ya halojeni inakula wati 55 au 60, toa na plagi ya kuwashia injini, pampu ya mafuta, kompyuta ya injini na taa za nyuma. Kinachobaki ndicho chako.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi wanaponunua. Wati zilizoandikwa kwenye kitabu cha pikipiki ni za injini inayozunguka kwa kasi, mara nyingi mizunguko 5,000 kwa dakika. Injini ikiwa kwenye sailensa, yaani inanguruma taratibu bila kupewa mafuta, koili ile ile inatoa sehemu tu ya hizo. Ndiyo maana dereva anapata joto safi barabara kuu, akiingia kwenye foleni betri inaanza kunyonywa. Betri haizalishi umeme, inakukopesha tu, na deni lake utalijua asubuhi pikipiki inapokataa kuwaka.

Kupima ni kazi ya dakika tano. Weka mita ya volti kwenye vichwa vya betri. Injini ikiwa imezimwa, betri nzima iliyojaa husoma volti 12.6 au zaidi kidogo. Washa injini, washa taa, weka nguo zote kwenye joto la juu, kisha shikilia mzunguko unaosafiria siku zote. Mita ikisoma 13.5 na kuendelea, safiri bila wasiwasi. Ikiteremka chini ya 13 na kuendelea kushuka, unatumia kuliko unavyozalisha. Hapo kubadilisha taa ya halojeni kuweka ya LED husaidia, au punguza joto la suruali ubaki na jeketi na glavu. Mwili ukiwa na joto kifuani, damu inayofika vidoleni nayo inakuwa ya joto.

Sasa waya. Tunaunga moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake tunaiweka karibu kabisa na kichwa cha chanya. Fyuzi ile inalinda waya usiwake moto ukipiga shoti. Kwa jeketi na glavu tunatumia fyuzi ya ampea 15 na waya usiopungua milimita 2 za mraba, na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme, ambayo inakata umeme ukizima swichi ya pikipiki. Tundu la kuchajia simu halifai kabisa. Hata soketi za kiberiti cha sigara, nyingi zina fyuzi ndogo, ya ampea 5 au 10. Na tafadhali, nguo zinazokuja na betri zake ndogo za volti 7.4 usizichomeke kwenye pikipiki. Kwa volti 14 zitatoa joto zaidi ya mara tatu ya lile zilizotengenezewa, na hilo linaunguza ngozi.

Kuna mteja alituletea jeketi akisema ni bovu, halipati moto. Kwenye betri mita ilisoma 14.1. Kwenye plagi ya jeketi, likiwa limewashwa, 12.2. Karibu volti mbili zilikuwa zinapotelea njiani, kwenye waya mwembamba na plagi iliyoota kutu ya kijani. Plagi yenyewe ilikuwa ya moto kiasi cha kuondoa kidole. Volti zikipungua hivyo, jeketi linapoteza kama robo ya joto lake, na joto hilo halirudi kwa kununua jeketi jipya. Tulibadilisha waya na plagi, jeketi lile lile likapasha vizuri.

Ukija kufungiwa, njoo na nguo zote utakazovaa safarini. Tutakukalisha kwenye siti, tukusimamishe kwenye vikanyagio, tupime urefu wa waya katika hali zote mbili. Tutakuuliza pia unashuka upande gani, kwa sababu plagi lazima ielekee huko na ichomoke yenyewe ikivutwa. Iko siku utashuka ukiwa umesahau kuichomoa.