Barua ya wazi kwa mafundi vijana wa simu na kompyuta: someni wasifu wa kweli

Wanangu na wajukuu zangu mnaofungua simu Mwanjelwa na Kabwe, mnaosomea kompyuta hapa Mbeya na kule Iringa, na ninyi wa Njombe na Tunduma mliosafiri kuja kwenye ile shughuli: kamwene. Shikamoo zenu nimezipokea zote. Ninaandika hadharani kwa sababu jambo lenyewe lilifanyika hadharani, na kwa sababu siku ile mlinikalisha kiti cha mbele, mkanipa soda, lakini nafasi ya kusema hamkunipa.

Nazungumzia jioni ya tarehe 5 Oktoba, mlipokodi ukumbi ili kumkumbuka Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, kampuni ya kompyuta na simu za iPhone, aliyefariki tarehe kama hiyo mwaka 2011, nyumbani kwake Palo Alto, California, akiwa na miaka 56. Kukumbuka wafu ni jambo jema, nami nilifurahi kuona vijana wa ufundi mmevaa vizuri na kukaa pamoja. Kilichonichoma ni ule wasifu mliousoma. Mlisema aligundua kompyuta. Mlisema aligundua simu ya kugusa. Mlisema alijenga kila kitu peke yake gerejini, kwamba aliacha chuo kwa sababu masomo hayana maana, na ukumbi ukapiga makofi. Halafu waliokuwa nyuma wakasimama na kupiga kelele kwamba marehemu alikuwa mtu wa Frimasoni, tufaha lililoumwa kwenye alama ya kampuni yake ni lile la Hawa, na kompyuta yake ya kwanza iliuzwa dola 666.66. Mkaanza kushikana mashati. Msiba wa mtu aliyefia ng'ambo ya bahari, na ninyi mnakunjana hapa Mbeya, upande mmoja na uongo wake na upande wa pili na wa kwao.

Basi sikilizeni. Kampuni ya Apple ilianzishwa tarehe 1 Aprili 1976 na watu watatu: Jobs, Steve Wozniak na Ronald Wayne. Aliyekaa na kuchora ile kompyuta ya kwanza, saketi kwa saketi, ni Wozniak. Hata hiyo bei ya 666.66 ilitoka kwake. Alieleza mwenyewe kwamba alipenda tarakimu zinazojirudia, na hakuwa akifikiria kitabu cha Ufunuo. Wayne alijitoa ndani ya wiki mbili na kuuza hisa zake kwa dola 800. Mwaka 1985 Jobs alisukumwa nje ya kampuni aliyoianzisha, akarudi mwaka 1997. Simu ya iPhone aliyowaonyesha watu Januari 2007 ilifanywa na mamia ya wahandisi, na simu zenye skrini ya kugusa zilikuwepo tangu miaka ya 1990. Yeye kazi yake ilikuwa kuchagua, kukataa, kulazimisha watu warudie mpaka kitu kiwe chepesi mkononi, kisha kusimama jukwaani na kukieleza hata mama wa sokoni akielewe. Hiyo ni kazi kubwa. Inatosha kumheshimu mtu bila kumwongezea kazi za wenzake.

Mwaka 2011 alipofariki, dunia ilifanya kama mlivyofanya ninyi, kwa ukubwa zaidi tu. Watu waliweka maua na mishumaa mbele ya maduka ya Apple katika miji mingi, wakaacha matufaha yenye alama ya meno. Zaidi ya watu milioni moja walituma salamu za rambirambi kwa kampuni. Kwa upande mwingine Richard Stallman, mtetezi wa programu huru, yaani zile ambazo kila mtu anaruhusiwa kuzisoma na kuzibadilisha, aliandika kwamba hafurahii kufa kwake lakini anafurahi kwamba ameondoka, na watu wakamshambulia wiki nzima. Stallman alikuwa na hoja juu ya kuwafungia watu ndani ya vifaa vyao wenyewe. Lakini nani aliisikia siku ile? Maiti haijazikwa, mtu anatoa hukumu. Angesubiri.

Na hayo matufaha, wanangu, msiyaige. Epo mlizouma mara moja na kuziacha mezani pale ukumbini zimelimwa na mkulima wa Njombe anayeamka kwenye baridi ile mnayoijua. Mle tunda au mliache sokoni.

Sasa nifike kwenye lililonikosesha usingizi. Wiki moja baada ya Jobs, tarehe 12 Oktoba 2011, mtu mwingine alikutwa amefariki nyumbani kwake Berkeley Heights, New Jersey, alikokuwa akiishi peke yake. Jina lake Dennis Ritchie, umri miaka 70. Hakuna aliyeweka ua mbele ya duka lake, maana hakuwa na duka. Habari ilitolewa na Rob Pike, aliyewahi kufanya naye kazi, na magazeti mengi yalichelewa kuiandika. Nilipomuuliza kijana aliyekaa pembeni yangu, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa kompyuta, kama anamjua Ritchie, alidhani namtaja mwanamuziki.

Ritchie alikuwa mtu wa Bell Labs, maabara ya kampuni ya simu. Ya simu, mnanisikia? Mimi niliyepanda nguzo kati ya Makambako na Kyela, enzi waya wa shaba ndio uliobeba sauti ya mtu, naona fahari kusema kwamba msingi wa kazi yenu uliwekwa na watu wa simu. Huko Bell Labs, mwaka 1969, Ken Thompson alianza kuandika Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, Ritchie akiwa naye bega kwa bega. Miaka michache baadaye Ritchie akatengeneza C, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, na Unix ikaandikwa upya kwa lugha hiyo, ndipo ikaweza kuhama kutoka mashine moja kwenda nyingine bila kuanza mwanzo. Mwaka 1983 wawili hao walipewa Tuzo ya Turing, heshima kubwa kabisa katika sayansi ya kompyuta. Zile Tecno, Itel na Infinix mnazozifungua kila siku kubadilisha vioo na mifumo ya chaji zinaendeshwa na Android. Kiini cha Android ni Linux, na Linux imeandikwa kwa C kwa kufuata njia ya Unix. Hata hiyo iPhone ambayo wengi wenu mnaiona kwa mteja tu, mfumo wake umetoka kwenye ukoo huohuo wa Unix, kupitia kampuni ya NeXT aliyoianzisha Jobs alipofukuzwa. Mlimlilia mwenye jukwaa. Aliye ndani ya simu zenu hamkumtaja hata kwa jina. Na kabla mwezi haujaisha, tarehe 24 Oktoba, alifariki John McCarthy wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, aliyeipa akili bandia jina lake la Kiingereza katika miaka ya 1950. Mnaitumia sasa kufanyia kazi za darasani. Yeye je, mlimkumbuka?

Nimesema habari ya wasifu na nitaisema tena, kwa sababu hapa ndipo jamii yetu nzima imeoza, si ninyi peke yenu.

Nilikuwa kwenye mazishi fulani Rungwe. Marehemu alikuwa mtu wa mali, ana chai, ana migomba, ana magari. Turubai zilikuwa nyingi, wajane na wakwe wana sare, MC ana kipaza sauti kikubwa, na kijana wa kamera anazunguka kaburi kama yuko harusini. Ukasomwa wasifu: marehemu alikuwa mcha Mungu, hakuwahi kugombana na mtu, ameacha watoto watano. Kijiji kizima kinajua kuwa wako sita. Huyo wa sita alikuwa amesimama pembeni ya migomba, amebeba mtoto mgongoni, sura ya baba yake tupu. MC alipoita watoto wa marehemu wapite kutupa udongo, binti akasogea. Baba mdogo akamshika mkono, akamrudisha nyuma mbele ya umati. Mchungaji akaendelea na sala. Wazee tulikuwepo tumekaa kwenye viti, na kamati iliyoandika karatasi ile ilikuwa ya wasomi: mwalimu, bwana shamba, na karani. Tunachangishana mamilioni kwa ng'ombe, turubai na sare, lakini karatasi ya maisha ya mtu tunaiandika usiku wa manane, kwa haraka, tukikubaliana nini kifichwe. Kisha tunashangaa watoto wetu wakikua hawajui kumwelezea mtu isipokuwa kama malaika au kama shetani. Wamejifunza wapi? Kwetu, makaburini.

Jobs naye alikuwa na mtoto wa namna hiyo. Lisa alizaliwa mwaka 1978, na baba yake alimkana, hata baada ya vipimo vya damu, huku mama yake akitegemea msaada wa serikali. Yeye mwenyewe, Jobs, alizaliwa na wazazi ambao hawakuwa wameoana, akachukuliwa na kulelewa na Paul na Clara Jobs. Mtu aliyepewa nyumba na watu wasio wa damu yake, akamnyima jina wa damu yake! Baadaye alimkubali, na binti akaja kuishi kwake alipokuwa msichana. Sasa linganisheni na Rungwe. Kwenye ibada ya kumkumbuka, iliyofanyika kanisani Stanford Oktoba ileile, aliyesimama kuzungumza ni dada yake wa damu, mwandishi Mona Simpson, ambaye alikutana naye wakiwa watu wazima. Alimlilia kaka yake kwa upendo mkubwa, na katika maneno yake Lisa alitajwa pamoja na wadogo zake, kama mtoto wa nyumba. Hakuna dunia iliyoanguka kwa kumtaja.

Wasifu wenu ungesema hayo. Ungesema pia kwamba mwaka 2010, katika viwanda vya Foxconn huko China, mahali vifaa vya Apple na vya kampuni nyingine vinakounganishwa, zaidi ya vijana kumi walijiua, wengi kwa kujirusha kutoka juu ya majengo, na baadaye nyavu zikafungwa kuzuia wanaoanguka. Walikuwa rika lenu, wenye kazi ya mikono kama yenu. Mtu aweza kuwa amefanya kazi nzuri sana na bado majina ya vijana hao yakawa na haki ya kutajwa siku yake.

Kuhusu chuo, nawaomba mnisikilize kwa makini. Jobs aliacha chuo cha Reed baada ya muhula mmoja, ni kweli. Alieleza mwenyewe kwamba aliona masomo yanamaliza akiba ya wazazi wake, watu wa kipato kidogo. Lakini hakuondoka pale. Alibaki mwaka mzima na zaidi, analala sakafuni vyumbani kwa rafiki zake, anaingia madarasani bila kusajiliwa, likiwemo somo la mwandiko wa kupamba herufi, ambalo alisema ndilo lililoipa kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 herufi zake nzuri. Aliacha ada, darasa hakuliacha. Kijana mmoja wa mwaka wa kwanza aliyekuwepo ukumbini alichukua ule wasifu wenu kama amri. Jina lake nalihifadhi. Wiki mbili baadaye alirudisha kitanda na godoro kwao, sasa anakaa kijiweni anasema ana wazo. Mama yake anauza viazi Uyole. Nilimkuta pale amekaa juu ya gunia, akaniuliza huyo mzungu aliyemwambia mwanangu aache shule ni nani, na anakaa wapi aende akamwone. Mliosoma karatasi ile mlitakiwa kumjibu ninyi.

Mengine nayataja tu. Msimtangaze mtu kuwa amekufa kabla ya familia yake. Msiandike "pumzika kwa amani" kwa mtu ambaye jana yake mlikuwa mkimtukana. Mtu akigundulika na ugonjwa, aende hospitali mapema: Jobs aligundulika na uvimbe wa kongosho Oktoba 2003, akahangaika na vyakula na tiba za pembeni kwa miezi tisa kabla ya kukubali upasuaji. Na asicheke mtu wa hapa, kwa sababu mwaka uleule aliofariki watu wa mikoa yetu walipakiwa kwenye mabasi na Noah kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500, wengine wakaacha dawa zao nyumbani. Suala la Frimasoni sitalijibu tena.

Oktoba hii inayokuja mkikutana, naomba mambo mawili. La kwanza, wasifu wa Jobs uandikwe upya, uandikwe na watu wanne, mmoja wao awe kati ya wale waliokuwa wakipiga kelele nyuma, na kila sentensi mtu aseme ameitoa wapi. La pili, mnipe mimi nafasi nisome wa Ritchie. Nimeshaanza kuuandika, na mwanafunzi yule aliyekuwa pembeni yangu ananisaidia sehemu ya C, ambayo sasa anaielewa kuliko mimi. Na wewe mwanangu wa Uyole, nimeulizia: ukiandika barua ya kuomba kurudi kabla muhula haujaanza, itapokelewa. Njoo nyumbani Sae Jumamosi, tuiandike pamoja. Mama yako anajua, na nauli ameniachia mimi.

Babu yenu,
fundi simu mstaafu, Mbeya