Tabuleti mpya haipande chaji? Leta na sharjeri yake

Jambo yenu bakiliya bote. Juma hii mama mmoja mwalimu wa ku Katuba alitugeukia na tabuleti yenye alinunua kwetu siku tatu tu mbele, na hasira mingi, anasema tulimuuzia okazyo mu karto mpya, juu aliiweka ku prizi usiku muzima na asubuhi anakuta iko paka ku 41%. Tukamuuliza, mama, unachaji na nini? Akatoa mu sakoshi ka sharjeri ka ile telefone yake ndogo ya zamani. Njo ugonjwa wote ulikuwa hapo.

Ka sharjeri kama kale kanatoa volti 5 na ampeya nusu, kakikaza sana ampeya 1, maana yake wati 5. Sasa batri ya tabuleti si ya telefone ndogo, nyingi ziko kati ya 5000 na 8000 mAh (kipimo ya chaji yenye batri inabeba), ya mama ilikuwa 7000, hiyo ni karibu wati-saa 26, piga hesabu utaona na wati 5 ni saa tano zinapita, na hapo ni kama tabuleti imezimwa. Kwake watoto walikuwa wanaangalia katuni huku inachaji, ekra inakula yote yenye inaingia, sawa na kujaza bido ya lita 20 na kikombe na mtu amefungua robine chini. Kisha delestaji ikapita saa mbili katikati ya usiku.

Lakini mama, sharjeri ya mu karto iko wapi? Akasema ameificha mu kabati, anaogopa umeme wa SNEL utaiunguza! Tulicheka na yeye akacheka, lakini kwa kweli hakosei yote, juu umeme ukirudi kisha delestaji mara nyingi unarudi na nguvu mubaya na ile dakika ya kwanza njo inaunguza vitu. Dawa si kuificha. Umeme ukikatika toa sharjeri ku prizi, ukirudi ngoja dakika kumi ivi utulie, kisha weka. Mwenye ana regulateri ya frigo anaweza kupitisha pale pale.

Mambo ya «tabuleti mpya lazima ulaze saa 12 ku chaji mbele ya kuiwasha», achana nayo. Hiyo ilikuwa ya batri za nikeli za zamani. Hizi za leo ni za lityumu, Sony ilianza kuziuza 1991, na hazina hiyo desturi. Inatoka kiwandani na chaji nusu ivi, makusudi, juu batri ya lityumu ikilala imejaa miezi mingi inazeeka haraka, kwa hiyo washa siku ile ile utumie. (Na mu batri nyingi za tabuleti muko kobalti, kobalti mingi ya dunia inatoka huku kwetu, Kolwezi na Fungurume, inapanda lori inaenda mbali, kisha tunainunua tena mu karto. Basi.)

Kama ilikaa sana mu depo na haiwake kabisa, usilie. Iweke ku sharjeri yake nusu saa bila kuigusaigusa, batri yenye imeshuka mpaka chini inachelewa kuonyesha kitu ku ekra. Na ukiona kutoka 80% kwenda 100% inakokota, ni vile inafanyaka, tabuleti yenyewe inapunguza umeme ili batri isiumie. Ukiondoa ku 80% haina shida. Kitu yenye inaua batri kweli ni joto, mwezi wa kumi chini ya mabati unaijua mwenyewe, usichajie ku kitanda chini ya mto, usiache mu motokari.

Turudi kwa mama mwalimu. Tulichukua sharjeri ya volti 5 ampeya 2, akakunywa sukre yake polepole, kisha nusu saa iko ku 55%. Akaenda kimya.

Basi ukileta tabuleti yenye haipande chaji, leta na sharjeri na kable yake, tuko na ka mashini kanaonyesha volti na ampeya zenye zinapita, kupima ni bule. Juzi mama aliisha kurudi. Safari hii ni kable, mujukuu aliitafuna.