Mada ya Jumamosi: Bombay na "maharamia" wa Ghuba
Wadau habari za mchana, Jumamosi tunaanza saa mbili usiku, wale mnaochelewaga mtakuta tushafika mbali.

Tunaongelea Ghuba ya Uajemi mwanzoni mwa miaka ya 1800. Meli za biashara zinatekwa, lawama wanapewa Waqawasim, kabila la Waarabu mabaharia wa Ras al-Khaimah (leo ni sehemu ya Falme za Kiarabu), na wakubwa wa Kampuni ya East India, ile kampuni ya Waingereza iliyotawala sehemu za India, kule Bombay (Mumbai ya leo) hawaelewani wafanyeje. Duncan, gavana wa Bombay, alikuwa hataki ugomvi, wengine wanasema zizuiwe mbao za India zisiende Ghuba maana bila mbao hakuna jahazi (mi naona hii ndo ilikuwa akili), wengine wanataka mizinga tu. 1809 Waingereza wakaenda wakachoma mji wa Ras al-Khaimah na majahazi wakaondoka, baada ya muda mambo yakawa yaleyale, 1819 wakarudi na jeshi la jenerali wao Keir Grant, na Sayyid Said wa Oman yumo upande wao, huyuhuyu wa Zanzibar, ila naye alikuwa na visa vyake na Waqawasim msimwone msuluhishi.

Plizi someni mkataba wa Januari 1820, ule Waingereza waliowekeana na masheikh wa Ghuba baada ya vita hiyo: bendera nyekundu yenye ukingo mweupe, kila chombo na karatasi yenye jina la mwenyewe, nahodha, idadi ya watu na silaha. Kifungu cha 9 kinasema kubeba watumwa kutoka pwani ya Afrika ni uharamia, na saini ya Said haimo!! Hapo ndo nataka tubishane.

Linki naweka Jumamosi jioni.