Wiki ya kwanza si kipimo cha albamu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwakumbushe waandishi wa kurasa za burudani kwamba nafasi ya albamu kwenye chati katika wiki ya kwanza haitoshi kuamua kama imefanikiwa au imeanguka. Mfano mzuri ni Jagged Little Pill ya Mkanada Alanis Morissette, iliyotoka Juni 1995 chini ya Maverick Records.

Kabla ya hapo Alanis alikuwa na albamu mbili za pop ya kuchezeka zilizouzwa Kanada tu, na kampuni iliyozitoa ilikuwa imeshaachana naye. Hii ya tatu aliitunga pamoja na prodyuza Glen Ballard, na sauti nyingi zinazosikika humo ni zilezile za rekodi za majaribio. Ilipoingia sokoni haikufika hata mia bora za Billboard 200, chati ya albamu ya jarida la Marekani la Billboard. Mwandishi mwenye haraka angeizika palepale. Lakini kituo cha redio cha KROQ cha Los Angeles kiliushika wimbo wa You Oughta Know, wenye besi ya Flea na gitaa la Dave Navarro wa bendi ya Red Hot Chili Peppers, na vituo vingine vikafuata. Kufikia Oktoba albamu ilikuwa kileleni, ambako ilikaa jumla ya wiki 12, ingawa si mfululizo.

Msomaji akitafuta wimbo huo kwenye Hot 100, chati ya nyimbo ya Billboard, ya mwaka 1995 hataukuta, akadhani haukupendwa. Sababu ni kanuni: hadi Desemba 1998, Billboard haikuruhusu kwenye chati hiyo wimbo usiouzwa dukani kama singo, yaani peke yake nje ya albamu. You Oughta Know ulipelekwa redioni tu, kwa hiyo Mmarekani aliyeutaka alilazimika kununua albamu nzima. Kibiashara ilikuwa hesabu ya kijanja, japo mnunuzi alikamuliwa. Ironic, uliouzwa kama singo mwaka 1996, ulifika nafasi ya 4.

Halafu kuna neno platinamu, cheti cha mauzo ya albamu, linaloandikwa ovyo. Marekani ni nakala 1,000,000, Uingereza ni 300,000. Usipotaja nchi hujasema kitu. Tena cheti cha Marekani hutolewa na RIAA, chama cha kampuni za kurekodi muziki, kwa maombi ya kampuni yenyewe, na kwa desturi kilihesabu nakala zilizopelekwa madukani, siyo zilizolipiwa na wateja. SoundScan, mfumo wa takwimu ambao Billboard ilianza kuutumia mwaka 1991, ilihesabu mauzo kwenye kaunta. Ndiyo maana albamu moja huwa na takwimu mbili zisizolingana, na zote zikawa sahihi. Kufikia 1998 Jagged Little Pill ilikuwa na platinamu 16 za Marekani. Ile "milioni 33" inayotajwa sana ni makadirio ya dunia nzima na iandikwe hivyo.

Sasa itazame albamu iliyofuata, Supposed Former Infatuation Junkie ya Novemba 1998. Wiki ya kwanza ziliuzwa nakala zipatazo 469,000 Marekani, moja kwa moja hadi namba moja. Hata hivyo vyeti vyake vya huko viliishia platinamu 3. Wanunuzi wa wiki ile walikuwa wanalipia sifa za albamu iliyotangulia, na nyimbo zenyewe hazikuwavuta wengine baada yao.

Kulinganisha takwimu hizo na za wasanii wa leo ni kosa jingine. Desemba 2014 Billboard 200 ilianza kuhesabu nyimbo zinazosikilizwa mtandaoni, mara 1,500 zikawa sawa na albamu moja. Mwaka 2018 ikatenganisha: mara 1,250 kwa wanaolipia huduma, 3,750 kwa wanaosikiliza bure kwa matangazo. Kwa kipimo kile cha 1,500, albamu ya nyimbo 12 lazima isikilizwe nzima mara 125 ndipo ihesabiwe kuwa imeuzwa moja. Ya nyimbo 20 inahitaji mara 75 tu, kwa hiyo msanii anayejaza nyimbo fupi nyingi anajipa nafuu. Mnapoandika kwamba albamu fulani "imeuza" laki kadhaa, tunaomba mtuambie ngapi zilinunuliwa na ngapi zimetokana na kusikilizwa.

Msomaji wako