Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wazazi wa Watoto wenye Selimundu, Lubumbashi

Ndugu wazazi wa komuni zetu za Kenya, Katuba, Kamalondo na Kampemba,

Hesabu za michango atazisoma mhazini. Mimi nitasema juu ya damu ya watoto wetu: nani anaichukua, inapelekwa wapi, na sisi tunarudishiwa nini.

Watafiti wa hapa kwetu na wenzao wa Zambia wanatafuta sababu ya watoto wawili wa SS, yaani waliorithi jeni ya selimundu kwa baba na kwa mama, hata wa tumbo moja, mmoja kulazwa kila mara na mwingine kucheza mpira. Hitilafu ni ileile moja, katika jeni ya globini beta, sehemu ya hemoglobini inayobeba oksijeni kwenye damu. Ila zipo jeni nyingine, kama BCL11A, ambazo kwa baadhi ya watoto huacha hemoglobini ya uchanga, ile ya mtoto angali tumboni, iendelee kutengenezwa kwa wingi, na hiyo huwakinga. Walamba na Wabemba wako pande zote mbili za mpaka, kwa hiyo kupima upande mmoja ni kusoma nusu ya barua.

Tuliumizwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Boksi la kwanza la damu lilikwama kwenye foleni ya malori ya shaba, karatasi moja haikuwa na muhuri, barafu ikayeyuka na damu ikaharibika. Watoto ikabidi wachomwe tena. Mama mmoja wa Katuba alikataa, na ilikuwa haki yake. Tangu hapo tunatumia matone yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu: hayadai barafu, yanatosha kupimia hemoglobini na DNA, na mtoto anachomwa kidole tu.

Fomu ya kwanza ya ridhaa tuliikataa. Iliruhusu sampuli zitumike kwa utafiti wowote wa baadaye bila sisi kuulizwa. Sasa inasomwa kwa Kiswahili mbele ya mzazi, anaweza kujitoa wakati wowote, na majibu yanarudi kwa daktari wa mtoto. Wengine mlisema nawachelewesha wasomi. Ikibidi nitawachelewesha tena.

Mnaniuliza kila siku juu ya Casgevy, tiba ya jeni iliyoruhusiwa Uingereza na Marekani mwaka 2023. Marekani bei yake ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, tena inatanguliwa na kemoterapia kali. Mtu asiuze kiwanja kwa ajili yake. Dawa yetu ya leo ni hidroksiyurea. Katika utafiti wa REACH, uliochapishwa mwaka 2019, watoto 606 wa Kinshasa, Luanda, Kilifi na Mbale waliitumia. Maumivu, malaria, kuongezewa damu na vifo vyote vikapungua. Kipimo chake kilipandishwa polepole kwa kufuata hesabu ya damu ya kila mtoto. Basi msigawane dawa na jirani, hata kama mtoto wake ana umri sawa na wako.

Kamati ya pamoja na Wazambia inahitaji wazazi wawili kutoka kwetu, mmoja awe anajua Kibemba vizuri. Majina yamfikie katibu kabla ya tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani.