Barua kwa mpwa wangu aliyeko Dublin: ile fomu ya Seneti usiitupe

Mwanangu,

Marahaba. Habari ya uraia wako imetufurahisha sote, na baba yako anaitangaza mtaa mzima bila kuombwa. Lakini ile sentensi ya mwisho ya ujumbe wako imenikaa kooni: kwamba fomu ya kujiandikisha kupiga kura ya Seneti, baraza la juu la Bunge la Ayalandi, umeiweka pembeni, kwa kuwa "pale ni kijiwe cha wanasiasa waliochoka". Nakujibu hadharani maana najua hauko peke yako katika kusema hivyo.

Kuna sehemu uko sahihi, nikupe haki yako. Kati ya maseneta 60, 11 huteuliwa na Waziri Mkuu, wanayemwita Taoiseach. Wengine 43 huchaguliwa na wanasiasa wenyewe, yaani madiwani, wabunge wa Dáil, ambalo ndilo baraza la chini, na maseneta wanaomaliza muda. Wenye shahada mmebakiziwa viti sita. Kwa mpangilio huo, serikali karibu kila mara huwa na kura za kutosha, na hata ikizikosa, muswada uliopitishwa na Dáil unaweza kucheleweshwa siku 90 basi. Wa fedha ni siku 21 za kutoa mapendekezo. Mwaka 2013 Waziri Mkuu Enda Kenny aliwaomba wananchi waifutilie mbali Seneti kwa kura ya maoni, wakakataa kwa asilimia 51.7. Hiyo si kura ya mahaba.

Haya, sasa nikupeleke 1969. Mwaka huo wahitimu wa Trinity, chuo kikuu cha hapo Dublin, walimpeleka Seneti mwanasheria wa miaka 25, mzaliwa wa Ballina katika kaunti ya Mayo, binti wa madaktari wawili. Hakuwa na chama. Jina lake wakati huo Mary Bourke; mwaka uliofuata akaolewa, akawa Mary Robinson. Sisi huku tulimjua baadaye sana, alipofika Rwanda mwaka 1994 akiwa Rais wa nchi yake, na tena mwaka 2013 alipokuwa mjumbe maalumu wa Umoja wa Mataifa katika Maziwa Makuu. Kabla ya hayo yote alikaa kwenye hicho unachokiita kijiwe miaka 20.

Ayalandi ya wakati ule ilikuwa na sheria ya 1935 ambayo kifungu chake cha 17 kilikataza kuuza au kuingiza nchini vifaa na dawa za kuzuia mimba. Hata maandishi ya kuzitetea yalizuiwa na sheria za udhibiti wa machapisho. Vidonge vilikuwepo, lakini daktari alikuandikia kama dawa ya kurekebisha mzunguko wa hedhi. Nchi nzima ilijua, nchi nzima ikanyamaza.

Mwaka 1971 Robinson na maseneta wenzake wawili wasio wa serikali, John Horgan na Trevor West, wakaandaa muswada wa kurekebisha sheria hiyo. Hapa naomba usome taratibu. Ili muswada wao uchapwe na kugawiwa, Baraza lilipaswa kwanza kuridhia usomwe mara ya kwanza. Hatua hiyo kwa kawaida ni ya adabu tu: unaridhia, karatasi inachapwa, halafu ndio mnagombana. Safari hii walio wengi wakapiga kura ya kukataa. Muswada haukuchapwa. Uliangushwa kabla mtu yeyote kupata nakala rasmi ya kuupinga.

Mimi nimekula ugali kwa kuandika mihtasari ya vikao vya halmashauri, na nakwambia hilo lilinifanya nisimame jikoni niliposoma. Watu wenye kura za kutosha kuua hoja hawahangaiki kuizuia isiandikwe, ila pale wanapojua kwamba ikishaandikwa itabidi waijibu. Hoja iliyoshindwa ikiwa kwenye kumbukumbu ina tarehe, ina jina la aliyeileta na majina ya waliosema hapana. Diwani anaweza kusahau alichosema, mhtasari hausahau. Sasa hawa walikuwa na wingi wote ule, na bado kipande cha karatasi cha watu watatu kikawatia jasho.

Tena haikuwa bungeni tu. Machi ya mwaka huohuo Askofu Mkuu John Charles McQuaid alitoa waraka uliosomwa makanisani Dublin, akisema sheria ya namna hiyo ingekuwa laana kwa nchi. Robinson akaandikiwa barua za matusi. Mei 22 wanawake wa Dublin wakapanda treni kwenda Belfast, Ayalandi ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza, ambako vitu hivyo viliuzwa madukani, wakarudi navyo mbele ya maafisa wa forodha. Walipofika duka la dawa waligundua kwamba vidonge vinatolewa kwa cheti cha daktari, basi wakanunua aspirini, maana afisa wa forodha angejuaje? Nilicheka peke yangu. Waliporudi wakavinyanyua juu pale stesheni, na hakuna aliyekamatwa.

Muswada wa Robinson ulirudi. Uliofuata ulichapwa na kujadiliwa, ukaangushwa mwaka 1974. Katikati ya hapo, Desemba 1973, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya McGee: mama wa watoto wanne, mke wa mvuvi, ambaye daktari alimwonya kuwa mimba nyingine ingeweza kumuua, na dawa aliyoagiza kutoka Uingereza ikakamatwa forodhani. Mahakama ikasema wanandoa wana haki ya faragha katika jambo hilo. Serikali nayo ikalazimika kuleta muswada wake. Julai 16, 1974, ukafika kwenye kura ya Dáil na Waziri Mkuu Liam Cosgrave akaupigia kura ya hapana, muswada wa serikali yake mwenyewe! Ukaanguka kwa kura 75 dhidi ya 61. Ungedhani ni mchezo wa kuigiza.

Sheria ikapita 1979, tena ya mkono wa birika: mpaka cheti cha daktari, hata kwa kondomu. Mwaka 1985 ndipo mtu mzima aliruhusiwa kununua bila cheti. Miaka 14 tangu ile karatasi iliyokataliwa kuchapwa.

Utaniambia kwamba aliyefungua mlango ni Mahakama. Ni kweli, na Robinson mwenyewe ushindi wake ulio wazi zaidi aliupata akiwa wakili: kesi ya wanawake kukaa kwenye baraza la wazee wa mahakama, iliyoamuliwa 1975, ya Josie Airey katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu kule Strasbourg mwaka 1979, kuhusu mtu asiye na fedha za kuweka wakili, na ya seneta mwenzake David Norris mwaka 1988, dhidi ya sheria iliyowahukumu mashoga. Ila mahakama husubiri mtu alete kesi. Kuna mtu lazima aanze kulisema jambo hadharani wakati bado ni aibu kulisema, na aliyechaguliwa na wahitimu, asiye na chama cha kumfukuza, ndiye aliyekuwa na nafasi hiyo.

Vyama havikumkaa vizuri hata hivyo. Alijiunga na chama cha Labour 1976, akagombea Dáil mara mbili akashindwa, kisha 1985 akajitoa kwa sababu mkataba wa Ayalandi na Uingereza uliandaliwa bila kuwashirikisha Waprotestanti wa Ayalandi ya Kaskazini. Ndugu zake kisiasa walinuna. Mimi naona hapo ndipo alipokuwa mpinzani hasa, maana kuipinga serikali usiyoipenda ni rahisi.

Turudi kwenye fomu yako. Viti hivyo sita vilikuwa vya wahitimu wa Trinity na wa Chuo Kikuu cha Taifa peke yao. Wananchi waliridhia kura hiyo ipanuliwe kwenye kura ya maoni ya 1979, halafu wanasiasa wakalikalia jambo hilo mpaka Mahakama ya Juu ilipowabana mwaka 2023. Sheria ya 2024 imeviunganisha kuwa jimbo moja la wahitimu wa elimu ya juu, na ndiyo maana wewe, uliyesoma chuo ambacho zamani kisingehesabiwa, una fomu mkononi. Kura yenyewe inapigwa kwa posta, hata foleni hupangi.

Jaza. Uchaguzi ukitangazwa nitumie majina ya wagombea, na kama yumo anayetetea kiti chake, nitafutie hotuba zake kwenye kumbukumbu za Seneti nizisome kabla hujampigia.

Shangazi yako